Kalaptopu ka RAM 1GB: kuna mfumo wowote wa maana utakaoingia, au nimwachie fundi atoe spea?

#1 Karani_wa_Mtaa
Wakuu, salaam. Nina kalaptopu ka inchi 10, vile vidogo vilivyotamba kwenye 2009 hivi. Prosesa Intel Atom N270, RAM 1GB, diski 160GB ya kuzunguka. Kalikuja na Windows XP. Baadaye fundi mmoja akakapigia Windows 10, na tangu hapo unawasha, unaenda kuchota maji, unarudi bado kanawaka. Ukifungua kivinjari, taa ya diski inakaa imewaka tu, mshale wa mausi unaruka ruka.

Kazi yangu ni ndogo: kuandika barua na CV za watu hapa stationeri, na binti yangu wa kidato cha pili ajifunze kuchapa. Intaneti ni ya kusoma tu, video sina haja nazo.

Nikasikia habari za Linux, mfumo wa bure wa kuweka badala ya Windows. Nimepakua Lubuntu ya karibuni, ambayo ni Linux nyepesi, nikaichoma kwenye flashi, nikawasha: inatokea sentensi moja kwenye skrini nyeusi, basi, haiendi mbele. Flashi hiyo hiyo kwenye kompyuta ya jirani inawaka bila shida. Tatizo ni RAM, flashi au diski? Naombeni mwongozo, na lugha iwe ya kawaida maana mimi si fundi.

#2 Ndimu_Chungu
Ngoja waje wenye mambo yao. Mimi nimeshavuta kigoda.

#3 Fundi_Bingwa
RAM hiyo mkuu, usizunguke mbuyu. Weka 4GB, piga Windows 7, kazi imeisha. Kama upo Dar niletee.

#4 Biti_32
Mkuu #3, pole pole. N270 inakaa na chipseti (chipu inayoiunganisha na RAM) ya 945GSE, na hiyo mwisho wake ni 2GB. Ukimuuzia 4GB umemuuzia hasara. Halafu vingi vya vilaptopu hivyo vina sloti moja tu, kwa hiyo 1GB iliyomo lazima itoke ndipo 2GB iingie. Na Windows 7 Microsoft walishaacha kuipa masahihisho ya usalama tangu Januari 14, 2020.

Karani, hilo la Lubuntu kugoma ni jambo jingine kabisa na la Windows kuwa nzito. Hebu tuandikie hiyo sentensi inasemaje.

#5 Karani_wa_Mtaa
Kwa nilivyoelewa inasema keneli hii (moyo wa mfumo) inahitaji prosesa ya x86-64, lakini iliyoonekana ni i686.

#6 Biti_32
Basi umeshajibiwa na mashine yenyewe. Prosesa yako (i686) ni ya biti 32 tu, yaani inashika data kwa mafungu madogo; Lubuntu uliyopakua (x86-64) ni ya biti 64. Haiwezi kuwaka leo wala kesho, hata ungekuwa na RAM kiasi gani. Ya jirani yako ni biti 64 ndiyo maana ilikubali.

Lubuntu ya mwisho ya biti 32 ni 18.04, nayo muda wake uliisha Aprili 2021. Usiihangaikie. Linux zilizobaki za biti 32 ni chache: antiX 23, Debian 12, Q4OS na baadhi ya Puppy. Debian 13 iliyotoka Agosti 2025 haina tena kisakinishi cha biti 32, kwa hiyo ukienda kwenye tovuti yao usibonyeze ya juu kabisa, tafuta 12. Faili ya kupakua iwe na i386 au 386 kwenye jina. Ukiona amd64, hata kama prosesa yako si ya AMD, achana nayo, maana yake ni biti 64.

#7 Nyoka_wa_Kibisa
#6 umechapia kidogo hapo. Hata Lubuntu 18.10 ilikuwa na biti 32. Walikata kuanzia 19.04.

#8 Biti_32
18.10 ilihudumiwa miezi tisa tu, ikafa kabla ya 18.04 iliyoitangulia. Ukitaka tuihesabu, tuihesabu.

#9 MzeeWaDOS
Mmekimbilia RAM na biti, hakuna aliyegusa alichosema mwenye mali: taa ya diski inawaka haizimi. Diski ya 2009, mizunguko 5400 kwa dakika, imebebwa kwenye mabegi na bodaboda miaka yote hiyo, mnategemea nini?

Kabla ya kupiga mfumo wowote, washa Linux ya flashi itakayokubali, fungua teminali (dirisha la kuandikia amri), weka smartmontools (programu ya kukagua diski), kisha andika sudo smartctl -a /dev/sda. Shuka mpaka kwenye jedwali, tazama mstari namba 5 na namba 197, safu ya mwisho kulia. Namba 5 ni sekta zilizokufa zikahamishwa. Namba 197 ni zile zinazosubiri hukumu. Kama 197 si sifuri, mfumo utaganda tu, uwe Windows au Linux, kwa sababu kila diski ikifika pale inarudia kusoma, inarudia tena, na kompyuta nzima inaisubiri.

Ofisini kwetu kulikuwa na desktopu za Core 2 Duo zenye 2GB, zimepangwa koridoni zikisubiri kutupwa. Tukaweka SSD ndogo za SATA, yaani diski zisizozunguka, RAM hatukuigusa, makarani wakadhani tumeagiza mpya.

#10 Fundi_Bingwa
SSD kwenye kalaptopu hako? Itakuwa na thamani kuliko kalaptopu kenyewe.

#11 MzeeWaDOS
SSD kesho utaihamishia kwenye mashine nyingine. Hiyo RAM ya zamani ya DDR2 unayotaka kumuuzia ataipeleka wapi, makumbusho?

#12 Kijana_wa_Luthuli
Hahaha, mzee ana moto. Hapa Nairobi DDR2 bado zinapatikana kwa wale wanaobomoa mashine kuukuu, na hakuna anayezigombania.

Lakini Mzee, taa kuwaka si lazima diski iwe mgonjwa. Windows 10 kwenye 1GB ikishawaka tu RAM imekwisha. Kinachozidi kinahamishiwa diskini, kinarudishwa, kinahamishwa tena. Diski inalaumiwa kwa kazi ambayo si yake. Tatizo ni RAM, diski ndiyo inaonyesha dalili.

Dawa isiyo na gharama ni zram. Badala ya kupeleka vitu diskini, mfumo unavibana na kuviacha ndani ya RAM hiyo hiyo, vile unavyokunja nguo ili begi moja libebe za wiki. Kwa Debian na jamaa zake: sudo apt install zram-tools, halafu fungua /etc/default/zramswap, weka ALGO=lz4 na PERCENT=50, uwashe upya. Ukiandika swapon utaiona /dev/zram0 kwenye orodha.

#13 MzeeWaDOS
Na nani atakayekunja hizo nguo? Atom ya 1.6GHz yenye kiini kimoja? Prosesa hiyo kufungua menyu tu inatoka jasho.

#14 Kijana_wa_Luthuli
lz4, njia hiyo ya kubana, ni nyepesi mno. Diski ya 5400 kila ukiituma inachukua milisekunde kumi na kitu kufika mahali. Kubana ukurasa wa kilobaiti 4 ni mikrosekunde. Piga hesabu mwenyewe, hata kwa Atom.

#15 MzeeWaDOS
Hesabu ya karatasi hiyo. Mimi nimeiona Atom ikifika asilimia 100 na kukaa pale, mshale umesimama, diski imetulia kimya. Sasa hapo RAM iko wapi na diski iko wapi?

#16 Ndimu_Chungu
Mwenzenu aliomba lugha ya kawaida.

#17 Shangazi_Kibodi
Ndimu umenena. Karani mdogo wangu, sikiliza la shangazi: mashine yako haina ugonjwa, wagonjwa ni hizo tovuti. Mwaka 2009 ukurasa wa gazeti ulikuwa maandishi na picha mbili. Leo ukiufungua unaletewa matangazo, video inayojiwasha, vijisanduku vya kukuuliza ukubali nini, na programu nzima za JavaScript nyuma yake. Vichupo vitatu vya namna hiyo vinamaliza mamia ya MB. Ukiweka mfumo mwepesi kuliko wote duniani halafu ukafungua mtandao wa kijamii, umerudi pale pale.

Weka kizuia matangazo, uBlock Origin, kabla hujaweka kitu kingine chochote. Fungua kichupo kimoja kimoja. Kwa kusoma maandishi tupu jaribu NetSurf au Dillo, vinafunguka papo hapo, ila tovuti nyingi zitaonekana zimevurugika na za benki hazitafunguka kabisa. Na Firefox kwa Linux ya biti 32 wamekata, 144 ndiyo ya mwisho. Inayoendelea ni ile ESR 140 ya kuhudumiwa muda mrefu, nayo walisema itapata masahihisho angalau hadi Septemba 2026. Baada ya hapo sijui mtakimbilia wapi na hivyo vilaptopu vyenu.

#18 Mla_Urojo
Nyie watu wa bara mnapenda kujitesa. Mie dukani kwangu hapa Darajani nna XP mpaka leo, RAM 512, inaendesha mashine ya kukata stika. Inawaka kabla sijavua viatu. Mrejeshee XP yake, mambo yeshe.

#19 Biti_32
XP ilifungwa Aprili 8, 2014. Yako haijui hata intaneti ni kitu gani, ndiyo maana inaishi. Yeye anataka kusoma mtandaoni. Kwenye XP vivinjari vya sasa havikubali, na tovuti nyingi zitamkataa kwa sababu ya usimbaji wa zamani. Bado hatujafika kwenye flashi za wateja wa stationeri. Unazijua flashi za wateja?

#20 Mla_Urojo
Flashi za wateja nnazijua. Mie kwangu mtu hachomeki flashi, anatuma barua pepe kwenye mashine nyengine.

#21 Nyoka_wa_Kibisa
Kwani Windows 10 ina shida gani? Microsoft wenyewe wameandika kwamba kwa biti 32 inatosha 1GB. Tatizo ni fundi aliyepiga. Atafute zile Windows zilizonyolewa, zilizotolewa takataka zote, zinaingia kwenye diski ndogo na zinateleza.

#22 Kijana_wa_Luthuli
1GB ni ya kuwaka. Hakuna aliyeandika kuwa ni ya kufanyia kazi. Na hizo zilizonyolewa, aliyeshika wembe ni nani? Unapakua Windows iliyofunguliwa na kufungwa tena na mtu usiyemjua, kisha unaandikia humo CV za watu zenye namba za simu na vitambulisho. Kwa mashine ya michezo sawa. Kwa stationeri hapana. Tena Windows 10 yenyewe ilifikia ukingoni Oktoba 14, 2025.

#23 Nyoka_wa_Kibisa
Basi Windows 11 kwa kupitia mlango wa nyuma. Nimeona mtu kaiweka kwenye Core 2 Duo.

#24 Biti_32
Windows 11 haina biti 32 kabisa, kwa hiyo kwa Karani tusahau. Na kwa Core 2 Duo, huyo uliyemwona aliweka toleo la mwanzo mwanzo. Kuanzia toleo la 24H2 inadai amri za SSE4.2 na POPCNT ndani ya prosesa. Core 2 haina. Hapo hakuna mlango wa nyuma wala dirisha, haiwaki.

#25 Mwl_Maabara
Habari za jioni. Nafundisha sekondari, tuna maabara ya kompyuta za msaada, za umri wote mnaoujua. Kwetu tulifanya hivi: badala ya kupiga mfumo kwenye kila moja, kuna mashine moja yenye nguvu, nyingine zote zinawaka kupitia waya wa mtandao kwa LTSP, programu ya Linux ya kazi hiyo. Diski za zile kuukuu tulizitoa kabisa, zilizokuwa na uhai tukazitumia kwingine. Mwanafunzi anawasha, mfumo unakuja kwa waya, anaingia na jina lake, faili zake zinakaa kwenye mashine kubwa. Ukisasisha moja umesasisha zote.

Jambo nililoliona: zenye 512MB zinawaka vizuri na kuandika wanaandika, ila akifungua kivinjari kinachoendeshwa kwenye mashine yake mwenyewe, zinakufa. Tukahamishia kivinjari kwenye mashine kubwa. Kwa hiyo kati yenu wote mimi naegemea kwa Shangazi.

#26 Fundi_Bingwa
Na umeme ukikatika mwalimu?

#27 Mwl_Maabara
Ukikatika, darasa zima linashangilia. Mashine kubwa ina UPS, watoto hawana.

#28 Ndimu_Chungu
😂😂 Hiyo shule naijua harufu yake.

#29 Karani_wa_Mtaa
Asanteni wote. Nimepakua antiX 23 ya biti 32 usiku kwa bando la usiku, nikaichoma, ikakataa. Inasema hakuna kifaa cha kuwashia. Flashi ni 64GB nimeinunua majuzi barabarani.

#30 Biti_32
Ulichoma kwa programu gani? Kama ni Rufus, kwenye mpangilio wa flashi chagua MBR (wa zamani), usichague GPT, mashine yako haijui UEFI, ile programu mpya ya kuwashia; yako ni BIOS ya zamani. Ikikuuliza aina ya kuchoma, chagua DD. Kisha zima kabisa, washa huku ukibonyeza F2 au F12 kutegemea mashine, na uangalie kwamba flashi imewekwa juu ya diski kwenye mpangilio. Kwenye BIOS za zamani wakati mwingine flashi imejificha ndani ya orodha ya diski: lazima uifungue hiyo orodha kwa Enter, uipandishe flashi juu, ndipo uhifadhi kwa F10.

#31 Mla_Urojo
Flashi 64GB ya barabarani? Hiyo ni 8GB imevaa kanzu. Ijaribu kwanza na H2testw, itakwambia ukweli wake.

#32 Bwana_Feni
Nimechelewa uzi, lakini nashangaa kurasa zote hizi hakuna aliyetaja joto. Kilaptopu cha 2009 hakijafunguliwa tangu kizaliwe. Pesti iliyo kati ya prosesa na chuma cha kupozea imekauka imekuwa chaki, feni imejaa vumbi na nywele. Joto likipanda, prosesa inajishusha mwendo yenyewe ili isiungue. Ile Atom aliyoiona Mzee imekaa asilimia 100 huku diski imetulia, mimi naweka dau kwamba ilikuwa inachemka. Weka lm-sensors, andika sensors, tazama nyuzi joto wakati kivinjari kimefunguka.

Na jingine: kuna laptopu ambazo zikiona chaja si ya asili zinashusha prosesa makusudi. Nimeletewa moja mteja ameshabadilisha RAM na diski, kumbe kipini cha katikati cha chaja kilikuwa kimekatika. Nikachomeka chaja yake halisi, ikaamka.

#33 MzeeWaDOS
N270 inakula wati 2.5 tu. Itachemkaje hiyo?

#34 Bwana_Feni
Prosesa wati 2.5, ndiyo. Chipseti iliyo pembeni yake inakula zaidi ya hapo, na mara nyingi zote zimelalia bati moja. Fungua moja uone.

#35 Karani_wa_Mtaa
Mrejesho: Mla_Urojo alisema kweli, flashi ni 8GB. Nimetumia nyingine ya zamani ya 4GB, nikafuata ya Biti_32, flashi kweli ilikuwa imejificha ndani ya orodha ya diski. antiX imewaka! Nimeisakinisha, Windows nimeifuta. Nikiandika free -m mara tu baada ya kuwasha inaonyesha RAM iliyotumika iko chini ya MB 200. Mausi haitembei tena kwa hatua.

Ya Mzee: mstari 5 una 8, mstari 197 una 0.

Ila sasa kivinjari kinakataa kila tovuti. Kinasema muunganisho si salama, cheti bado hakijaanza kutumika. Wi-Fi imeshika. Na binti ameniuliza hata YouTube, nikamwambia subiri.

#36 Shangazi_Kibodi
Angalia tarehe ya kompyuta inasemaje.

#37 Karani_wa_Mtaa
Januari 2009.

#38 Shangazi_Kibodi
Haya. Cheti cha tovuti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha, kompyuta yako inaishi 2009, kwa hiyo inaona vyeti vyote vimetoka siku zijazo. Betri ndogo ya mazabodi (bodi kuu), inayotunza saa, imekufa. Nyingi ni CR2032, zinauzwa hata kwa wanaotengeneza saa, ila kwenye vilaptopu baadhi imefungwa na waya wenye plagi ndogo, kwa hiyo fungua uione kabla ya kununua. Kwa leo rekebisha tarehe kwa mkono ndani ya BIOS na usichomoe chaja.

#39 MzeeWaDOS
Mstari 5 una 8! Niliwaambia diski inaaga.

#40 Kijana_wa_Luthuli
Sekta 8 kwa diski ya umri huo ni ndogo, Mzee, na 197 ni sifuri. Mashine imebadilika kwa kubadili mfumo peke yake, diski ile ile. Bado unasema ni diski?

#41 MzeeWaDOS
Subiri afungue LibreOffice mara ya kwanza ndipo tuongee.

#42 Karani_wa_Mtaa
LibreOffice inachelewa kufunguka mara ya kwanza, ya pili si mbaya. Ila nikifungua tovuti moja ya matokeo ya mpira, ile hali ya kuganda inarudi ileile, taa inawaka. Nimeweka zram, imepungua lakini haijaisha. Bwana_Feni, sensors inaonyesha nyuzi 71 nikiwa kwenye hiyo tovuti.

#43 Bwana_Feni
71 kwa kalaptopu ambako feni inatakiwa iwe inapuliza? Fungua, safisha.

#44 Shangazi_Kibodi
Tovuti ya mpira! Hiyo ina matangazo ya kubeti kila kona. Umeweka uBlock?

#45 Fundi_Bingwa
Narudia: 2GB. Kadi ya picha ya hako kalaptopu haina kumbukumbu yake, inakula RAM ileile. Hiyo 1GB hata haijawahi kuwa 1GB.

#46 Biti_32
Leo Fundi umesema la maana.

#47 Mama_Fotokopi
Nami nina stationeri, nimesoma kimya kimya tangu mwanzo. Karani, tahadhari moja. Kwenye mifumo hiyo myepesi watakwambia utumie AbiWord badala ya LibreOffice kwa sababu inafunguka haraka. Inafunguka kweli. Siku mteja akileta CV ya docx yenye jedwali, picha kulia na mistari ya rangi pembeni, ukiifungua humo jedwali linatawanyika, picha inashuka ukurasa wa pili. Ukihifadhi umemharibia. Vumilia LibreOffice, na kabla ya kutuma au kuchapa hamishia kwenye PDF uione kwanza. Weka pia fonti za vipimo sawa na zile za Word, Carlito na Liberation, la sivyo CV ya kurasa mbili inakuwa ya tatu.

Kingine ni printa. Kama printa yako haielewi PCL wala PostScript (lugha za printa), ile ya bei rahisi inayotegemea draiva ya Windows ifanye kazi yote, kwenye biti 32 unaweza usipate draiva kabisa, kwa sababu draiva za Linux za watengenezaji wengi sasa zinatoka za biti 64 tu. Ulizia kabla hujafuta mashine ya pili.

#48 Nyoka_wa_Kibisa
Ndiyo maana nilisema Windows.

#49 Mwl_Maabara
Kwa binti: weka Klavaro, ni nyepesi na inafundisha vidole kuanzia mstari wa katikati. Ila mchomekee kibodi ya USB ya ukubwa wa kawaida. Vitufe vya inchi 10 vitamzoesha kukunja viganja, akikaa kwenye kompyuta ya kawaida anaanza upya.

Halafu kuna anayekumbuka Jambo OpenOffice? Ile ya mradi wa Kilinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, 2004. Menyu zote Kiswahili. Kwa wanafunzi wa kidato cha kwanza ingenifaa sana.

#50 MzeeWaDOS
Naikumbuka. Niliiweka kwenye Pentium III, ilikuwa inawaka haraka kuliko simu yangu ya sasa.

#51 Ndimu_Chungu
Pentium III yenye diski ya kuzunguka, Mzee? Na hukulalamika?

#52 MzeeWaDOS
Wakati huo diski zilikuwa diski.

#53 Kibao_cha_Muscat
Samahani nichepuke kidogo. Mimi nina tableti yenye kibodi, Atom Z3735F, RAM 2GB, hifadhi 32GB. Prosesa ni biti 64 nimehakikisha, lakini kila flashi ya Linux ya biti 64 haionekani. Nayo ni hadithi ya biti?

#54 Biti_32
Ndiyo, ila upande mwingine. Prosesa yako ni biti 64 lakini UEFI yake ni biti 32. Inatafuta faili bootia32.efi ndani ya EFI/BOOT kwenye flashi, haioni, inaipuuza flashi nzima. Ama tumia mfumo ambao tayari umeweka faili hiyo, ama uichomeke mwenyewe. Ukishavuka hapo mfumo wenyewe unaweza kuwa wa biti 64 kama kawaida. Wi-Fi na sauti za hizo tableti ni vita nyingine, fungua uzi wake tuje huko.

#55 Kibao_cha_Muscat
Shukrani, nafungua.

#56 Karani_wa_Mtaa
Betri ya mazabodi imepatikana, yangu ni ile yenye waya. Wakati nimefungua nimesafisha na feni, vumbi lilikuwa kama blanketi, na pesti nimepaka mpya. uBlock nimeweka pia. Sasa tovuti ya mpira inafunguka, inasuasua kidogo mwanzoni, kisha inatulia.

#57 Bwana_Feni
Si nilisema.

#58 Shangazi_Kibodi
Umesema nini? Ni uBlock hiyo.

#59 Kijana_wa_Luthuli
Na zram je? Tuma swapon tuone imetumika kiasi gani.

#60 MzeeWaDOS
Mmebadilisha vitu vinne kwa mkupuo halafu kila mtu anadai chake. Afute uBlock, azime zram, aache pesti, apime. Kisha awashe kimoja kimoja.

#61 Karani_wa_Mtaa
Mzee, nina wateja. Ila 2GB bado naitaka. Nani ana DDR2 ya laptopu, 2GB kijiti kimoja, 667? Nipo Morogoro.

#62 Fundi_Bingwa
Ninazo mbili. Njoo inbox.

#63 Ndimu_Chungu
Muulize kwanza kama ni 2GB kweli au nayo imevaa kanzu.